Sogezeni saa: barua ya wazi kwa wenye funguo za maktaba yetu mpya

Waheshimiwa,

Shikamooni wakubwa zangu, na kwenu mlio rika langu, habari za kazi. Anayewaandikia ni fundi cherehani. Nina fremu yangu hapa mjini Mwanza, mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu hadi kwenye maktaba mpya mliyotufungulia. Sijawahi kuandika barua ya namna hii. Naandika kwa sababu nimeipenda sana maktaba ile, na kwa sababu hadi leo nimeweza kukaa ndani yake mara tatu tu, na mara zote tatu ilinibidi nifunge duka ndipo niende.

Nianze na shukrani, maana mnastahili. Siku mliyoruhusu watu waingie nilikuwepo. Kitu cha kwanza nilichokiona mlangoni ni ndala. Watoto wa shule waliotangulia waliona sakafu ya marumaru inavyong'aa, wakavua viatu na kuvipanga ukutani kama mtu anavyoviacha nje ya msikiti. Waliowafuata wakaona ndala zimepangwa, nao wakavua. Nilipofika mimi safu ilikuwa imeshuka hadi kwenye ngazi, na mama mmoja mtu mzima, mwenye ndoo ya ndizi, alikuwa ameinama anahangaika na kamba za raba zake. Mlinzi akamwambia, "Mama, ingia tu na viatu." Akajibu bila kuinua kichwa, "Hapana mwanangu, humu kuna vitabu." Akamaliza kufungua kamba, ndoo akamkabidhi mlinzi, akaingia na soksi.

Ndani watu walikuwa wananong'ona, na hakuna aliyewaambia wanong'one. Niliwaona makondakta wawili ninaowafahamu kwa sauti, wale wanaoita Buzuruga, Igoma, Kisesa tangu alfajiri, wamesimama mbele ya kabati la ramani wanaonyeshana kwa kidole. Mzee mmoja aliuliza mapokezi kama kuingia ni bure. Akaambiwa ni bure. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na kukaa je?" Alipoambiwa kukaa pia ni bure, alivuta kiti karibu na dirisha linalotazama ziwa, akaketi, na kwa muda mrefu hakuchukua kitabu chochote. Alikaa tu.

Pale mezani mliweka kitabu cha wageni chenye safu ya maoni. Nilipanga foleni kukisaini, na wakati nasubiri nilisoma kurasa za waliotangulia. Wengi waliandika "Pazuri sana" au "Mungu awabariki". Mwingine aliomba magazeti ya kila siku. Wawili watatu waliomba vitabu vya Kiswahili viongezwe. Mama mmoja aliandika kwamba watoto wadogo wapewe chumba chao kwa sababu wananyang'anyana viti na wakubwa. Halafu kulikuwa na mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa, kalamu imekandamizwa hadi alama zimetokea upande wa pili wa karatasi: NIMEFIKA MIMI MWENYEWE. Mwandiko wa namna ile naujua. Ni wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Mama yangu mzazi aliandika hivyohivyo hadi alipofariki.

Hivyo ndivyo watu wa mji huu walivyoipokea maktaba yenu. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata.

Wiki chache baadaye nilirudi, siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Niliwahesabu waliomo: walikuwa tisa. Viti vilikuwa vimepangwa vizuri, feni zinazunguka, wahudumu wawili wamekaa. Wakati natoka nilimsikia mtu mmoja mwenye nafasi yake, ambaye sitamtaja, akimwambia mgeni wake, "Unaona? Watu wetu hawapendi kusoma. Walikuja kushangaa jengo tu." Kauli hiyo iliniuma, na ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Katika kazi yangu, mteja akirudisha suruali kwamba inambana, fundi hana haki ya kusema mteja huyu hapendi kuvaa. Anafungua daftari la vipimo. Anatafuta alipokosea: kiunoni, pajani, au alipima mtu mwingine kabisa. Nami nilisimama mlangoni pa maktaba nikasoma bango la saa. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Jumamosi, hadi saa sita mchana. Jumapili na sikukuu, imefungwa. Nikajiuliza, hizi saa amepimwa nani?

Mwanafunzi wa shule ya kutwa hakupimwa. Saa mbili asubuhi yuko darasani, na kipindi cha mwisho kikiisha, na masomo ya ziada yakiisha, anafika mjini mnakaribia kuzima feni. Mfanyakazi wa ofisini hakupimwa, wa dukani hakupimwa, machinga wala dada wa kazi za ndani hawakupimwa. Mama anayeuza dagaa kwenye soko la Mwaloni kule Kirumba anaamka usiku wa manane ili awahi mzigo, na biashara yake haiishi hadi alasiri. Akishafika nyumbani, akaoga, akala, ninyi mmefunga.

Na kuna watu ambao kalenda yao ni mwezi. Nina wateja wavuvi wa dagaa kutoka Igombe. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo kazi yao ni siku za giza. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti kitu, nao hubaki nchi kavu siku kadhaa. Mchana wanashona nyavu na kuziba mitumbwi. Jioni haina kazi, na jioni ya kijana asiye na kazi mwaloni mnajua wenyewe inakoishia. Mmoja wao, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, aliniuliza wakati nampima koti kama maktaba ina kitabu cha kutengeneza mashine za boti. Nikamwambia nadhani kipo. Akauliza wanafungua hadi saa ngapi. Nilipomjibu hakusema neno, alinyoosha mkono tu nimalizie kipimo cha kwapa.

Hao ndio wasomaji mnaowakosa, na wapo kwenye ngazi zenu. Nayasema haya kwa kuwa nimeyaona kwa macho yangu. Alhamisi moja nilipeleka sare kwa mteja wa jirani, nikapita mbele ya maktaba saa moja kasoro jioni. Mlango umefungwa kwa kufuli. Taa ya mlinzi inawaka juu ya mlango. Chini yake, kwenye ngazi, walikuwepo watoto wa sekondari kumi na zaidi. Niliwakaribia. Mabinti watatu wa kidato cha tatu walikuwa na kitabu kimoja cha fizikia, wa katikati anasoma kwa sauti ya chini, wawili wa pembeni wananakili. Wadudu wa ziwani walikuwa wengi jioni ile, wanaifuata taa na kuanguka juu ya karatasi, na yule wa kulia alikuwa akiwapangusa kwa ncha ya rula bila kuacha kuandika. Niliwauliza kwa nini wasiende kusoma nyumbani. Anayesoma akanijibu kwamba kwao Mabatini wanakaa chumba kimoja watu sita, na umeme wa luku ukiisha katikati ya mwezi wanakaa gizani hadi baba alipwe. "Hapa taa haizimwi," akasema.

Mlinzi aliniambia huwa anawaacha, ila anaogopa ataulizwa. Nawaomba msimuulize. Mtu yule kwa mshahara wake wa ulinzi ndiye anayewaendeshea maktaba ya usiku.

Waheshimiwa, jengo limejaa viti, viti ni vitupu, na watoto wamekaa kwenye saruji nje ya kioo wanakoviona viti hivyo. Sihitaji kuwa msomi kuona kwamba hapa kuna jambo la kurekebisha.

Tena jambo lenyewe si geni kwenye mji huu. Mwaka 1968 hapahapa Mwanza ndipo yalipowekwa makao makuu ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima wa mikoa ya ziwa, serikali ikisaidiwa na UNESCO. Ulihudumia Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambako leo tunakuita Kagera. Walimu wa mradi ule hawakuanza na "a, e, i, o, u" kama wanavyoanza watoto. Walitunga vitabu vya kusomea kuhusu kazi ambazo watu walikuwa wanazifanya: pamba kwa mkulima wa pamba, migomba kwa mwenye migomba, uvuvi kwa mvuvi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye likaja gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililotolewa hapa Mwanza kwa ajili ya wale waliokuwa wamejua kusoma juzi na hawana cha kusoma.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Darasa lao lilikuwa chini ya mwembe, na lilianza wanawake wakishatoka kuchuma pamba na kuteka maji. Giza likiingia mapema kwa mawingu, mwalimu aliwasha karabai. Hakuna aliyewaambia waje saa mbili asubuhi. Angewaambia hivyo, mama yangu angekufa hajui kuandika jina lake, na huenda mimi nisingekuwa naandika barua hii. Nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo, ila mwalimu alijua saa ya mwanafunzi wake.

Na hata Maktaba Kuu ya Taifa kule Dar es Salaam, Mwalimu aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru. Huwa nalifikiria hilo kila nikiliona bango letu linalosema sikukuu imefungwa. Siku ambayo watu hawako kazini ndiyo siku iliyochaguliwa kuwaonyesha mlango.

Wakutubi wenyewe duniani wamekwisha kuliandika. Lipo tamko la maktaba za umma la UNESCO na shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lililotolewa mwaka 1994 na kuhuishwa mwaka 2022. Linataka maktaba iwe mahali panapofikika, iwe na vifaa vya kufaa, na iwe na saa za kufungua zinazotosha na zinazowafaa watumiaji. Zinazowafaa watumiaji, waheshimiwa. Linasema pia kwamba huduma kimsingi iwe bure, na hilo mmelitimiza, tunawashukuru.

Najua mtakachojibu, kwa sababu mhudumu mmoja wa mapokezi, binti mwenye heshima sana, alikwisha kunijibu kwa niaba yenu. Bajeti. Malipo ya muda wa ziada. Umeme. Usalama.

Haya, tuyapime. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni ni saa nane. Kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku ni saa nane vilevile. Siombi muongeze hata saa moja. Nguo ni ileile, kitambaa ni kilekile, nawaomba mfumue pindo na kulishusha. Fanyeni hivyo siku tatu kwa wiki, tuseme Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Siku nyingine ziacheni kama zilivyo, maana wapo wanaoihitaji asubuhi: wazee, kina mama wenye watoto wachanga, vijana wanaotafuta kazi, na wavuvi waliotoka ziwani alfajiri kama bado wana nguvu ya macho. Jumapili fungueni mchana, watu wakishatoka ibadani, na badala yake fungeni Jumatatu. Mhudumu atapata siku yake ya kupumzika, nanyi hamtalipa muda wa ziada.

Umeme? Sisi tuko karibu na ikweta. Jua hapa Mwanza huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, lisogee dakika chache tu mbele au nyuma. Mkifunga saa kumi mnaacha karibu saa tatu za mwanga wa bure unaoingia kwenye yale madirisha makubwa ya upande wa ziwa, na ndio mwanga mzuri kuliko wote wa siku. Mimi kazi za uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi nazitunza kwa ajili ya saa hiyo. Taa mtaziwasha kwa saa moja na kidogo tu kabla ya kufunga.

La usalama ni zito, nami nina binti, kwa hiyo silipitii juujuu. Mtoto wa kike kutoka maktaba saa mbili usiku kwenda Mabatini, Igogo au Mkolani si jambo dogo. Lakini watoto hao tayari wako nje saa hiyo, kwenye ngazi, nyuma ya mlango uliofungwa, na anayewalinda ni mtu mmoja mwenye tochi. Mkiwaingiza ndani mtajua wako wapi. Wekeni taa mbili tatu kwenye njia ya kushukia hadi barabarani, ambako daladala bado zipo. Wanafunzi waliovaa sare waambiwe watoke saa moja na nusu, wakubwa wabaki. Sisi wenye maduka ya njia ile tunaweza kuziacha taa za nje zinawaka hadi wapite. Yangu itawaka. Nimekwisha kuongea na majirani wawili, muuza vipuri na mama wa chipsi, nao wamekubali.

Kuna jambo moja linaloweza kuonekana liko pembeni, lakini kwangu haliko pembeni. Mara yangu ya pili humo ndani niliulizia kitabu cha Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, kisiwa tunachokivukia kwa meli kutoka hapahapa. Alikimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baadaye. Mwaka uliofuata akafariki. Kijana wa mezani alilitafuta jina kwenye kompyuta kwa bidii kabisa, akaniomba nimtajie herufi moja moja. Hakikuwepo. Vilikuwepo vitabu vingi vinene vya Kiingereza vya uhasibu, ambavyo naona vilitolewa kama msaada. Sivikatai. Ila mtu wa ziwa hili alisubiri maisha yake yote apate msomaji, na msomaji wa ziwa hili amejengewa nyumba ya vitabu asimkute. Kinunuliwe, jamani. Na wale walioandika kwenye kitabu cha wageni kwamba Kiswahili kiongezwe, wasikilizwe pia.

La kuazima nalisema kwa mstari mmoja: barua ya mtendaji wa mtaa, picha mbili na amana ya fedha taslimu ni masharti ambayo mwenye nyumba anaweza kuyatimiza na mpangaji hawezi. Punguzeni walau hiyo amana kwa wanafunzi.

Nirudi kwenye saa, maana ndilo lililonileta. Baada ya kuisikia ile kauli kwamba watu wetu hawapendi kusoma, nilirudi dukani nikafungua kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo. Kila mteja ninayemaliza kumpima namuuliza: kama ungekwenda maktaba, ungeweza saa ngapi? Hajibu kwa mdomo, nampa kalamu aandike mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Wengine walinyamaza kwanza wakihesabu siku yao, wanatoa saa ya kazi, wanatoa saa ya foleni ya maji, wanatoa saa ya mtoto, ndipo wanaandika. Mwalimu wa shule ya msingi aliandika saa kumi na moja. Dereva wa bodaboda aliandika Jumapili. Muuguzi aliandika zamu zake zote na kuuliza kama mstari mmoja unatosha. Yule mvuvi wa Igombe alirudi kuchukua koti lake akaandika "mbalamwezi, jioni". Kurasa nne zimejaa, na saa inayojirudia kuliko zote ni saa kumi na mbili jioni.

Daftari hilo nitawaletea. Jumatatu ijayo nitachelewa kufungua duka ili nilikabidhi mapokezi mkononi mwa mhusika. Nimeacha kurasa mbili tupu baada ya majina ya wateja. Naomba jibu lenu mliandike humohumo, kwa mkono, na tarehe mtakayoanza, ili nikiulizwa na watu wangu nilifungue niwasomee.

Wenu katika kujenga mji wetu,

Fundi cherehani,
Mwanza